Maji Hayaendi Popote: Wiki Moja Kwenye Mawe ya Mwanza

Jumapili usiku, Nyegezi

Basi limetutema stendi ya Nyegezi saa tano usiku. Zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar, na magoti yangu bado yanadhani yako Singida. Begi kubwa nimelikumbatia, maana konda ameliangalia kwa mashaka tangu alfajiri: barakoa ya kuzamia na mrija wake, mapezi ya miguuni, mkanda wa kupimia wa mita 50, ubao mweupe wa kuandikia chini ya maji, na mkanda wa kiunoni wenye vipande vya madini ya risasi vya kunizamisha, kilo sita. "Dada, hii ni nanga?" Nikamwambia ndiyo, nanga yangu mimi.

Kazi yangu ni kuhesabu matumbawe. Nimeifanyia Mafia, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, ya kwanza Tanzania. Unatandaza mkanda juu ya mwamba, unaogelea taratibu, na kila nusu mita unaandika kilicho chini ya alama: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Unarudi tena mstari uleule kuhesabu samaki: pono, vipepeo, changu. Jioni unapata asilimia, na asilimia hizo ukizifuata mwaka hadi mwaka zinakuambia mwamba unapumua au unakata roho.

Sasa kikundi kidogo cha watu wanaofuatilia furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kimeniita niwasaidie kutengeneza fomu kama ile kwa ajili ya mawe ya huku. Nilikubali kabla sijafikiri. Ziwa lote hili, kilomita za mraba kama 68,800, halina tumbawe hata moja. Tumbawe ni mnyama wa maji chumvi. Nimekuja na fomu yenye safu ya "tumbawe hai" kwenye maji yasiyo na tumbawe. Nitaona kesho.

Jumatatu, Capri Point na Saanane

Nahodha wetu ni mzee wa Kisukuma kutoka upande wa Sengerema. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba, kisha akanifundisha ya kwao: asubuhi unasema mwangaluka. Nikasema. Akaridhika nusu.

Nikiwa bado na akili ya pwani nikamuuliza, "Baba, maji yanakupwa saa ngapi leo?"

Akanitazama. "Yanakupwa yanaenda wapi, mama?"

Kijana wa mashine alicheka mpaka akakaa kwenye dumu la mafuta. Kwetu siku nzima hupangwa na bamvua na maji mafu. Huwezi kupanga hata chai bila kujua bahari iko wapi. Hapa mwenye ratiba ni upepo. Asubuhi ziwa limelala, mchana upepo unaingia kutoka ziwani, na ikifika saa nane nahodha anataka awe amefunga kamba nchi kavu. "Maji hayaendi popote," akasema. "Wewe ndiye uwahi kurudi."

Kutoka Capri Point hadi Saanane ni dakika chache tu. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikaa pale. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Ni padogo, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na jiji liko palepale: ukigeuka unaona madirisha ya watu na nguo zao kwenye kamba. Pimbi wanaota jua juu ya mawe, na kati yao mijusi dume, kichwa na kifua waridi kali, kiuno na mkia buluu, wakipiga pushapu. Watalii wanawapiga picha hao. Mimi nilifuata maji, kwa kuwa ndani ya mpaka wa hifadhi hakuvuliwi. Nilitaka kuona mawe ambayo nyavu hazijayafikia yana sura gani.

Nilivaa kilo zangu sita kama Mafia, nikaruka. Nilichosahau ni kwamba maji ya chumvi humwinua mtu, haya hayakuinui. Nilishuka kama shoka. Kina chenyewe mita mbili na ushei, aibu ilikuwa na kina zaidi. Kijana wa mashine akanivuta kwa mkono, tukapunguza risasi mpaka nikaelea kama binadamu.

Na humo ndani? Mafia siku njema unaona mita ishirini. Hapa nilinyoosha mkono mbele na vidole vyangu vikawa vya chungwa. Nilikaa pale nikiviangalia, maana hilo ndilo jambo la kwanza ziwa lilinifundisha. Baharini nyekundu ndiyo hufa kwanza: ukifika mita kumi damu inaonekana nyeusi na kila kitu kimegeuka buluu. Hapa ni kinyume. Maji yamejaa mwani mdogo na chembe za udongo, na hizo hula buluu kwanza, hivyo kadiri unavyoshuka dunia inakuwa ya manjano, kisha ya chungwa, kisha kahawia ya chai ya rangi. Ukifungua macho kwenye kikombe cha chai utanielewa.

Mawe yenyewe ni mazuri. Majabali ya matale yamelaliana, nyufa kila mahali, na juu yake zulia jembamba la mwani. Samaki wadogo wanalichuna wakiinamisha kichwa, kama pono wetu lakini wakubwa wao hawafiki urefu wa kiganja. Nilitandaza mkanda nikaanza kuandika. Mwamba. Mwamba. Mwamba. Mwamba wenye mwani. Mwamba. Baada ya mita kumi na tano nikaacha. Jiwe hili lilikuwa hivi kabla ziwa halijakuwepo, na litakuwa hivi hata samaki wote wakiisha. Tumbawe likizidiwa na joto hutema mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha, linageuka jeupe, na hata mtoto anaona kuna ugonjwa. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja tu, wiki kadhaa mfululizo, yanatosha. Mafia wazee bado wanasimulia jinsi miamba ya Tutia ilivyokuwa nyeupe 1998. Jiwe la Mwanza haligeuki rangi. Kama kuna anayeugua hapa, itabidi nimtafute kwingine.

Kabla ya kuondoka niliteremsha kipima oksijeni. Kikatoa namba ya chini mno, nikaandika kwa wino mwekundu: HALI MBAYA.

Jumanne, nchi kavu

Upepo tangu alfajiri. Hakuna aliyetoka.

Nilikaa kibarazani na chapati na kile kipima oksijeni, nikipitia mipangilio yake kwa kukosa la kufanya. Chumvi: 35. Niliiacha ya bahari! Kifaa kilikuwa kinadhani kiko Chole, kule Mafia, kikakata karibu sehemu moja kwa tano ya oksijeni iliyokuwepo. Tena sikukiambia kwamba tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi. Nikaweka chumvi sifuri, nikaweka mwinuko, nikafuta wino mwekundu. Saanane jana haikuwa na hali mbaya. Sijamwambia mtu.

Mchana nilitembea hadi Mto Mirongo unapoingia ziwani, umbali mfupi kutoka katikati ya jiji. Sitaki kuandika mengi kuhusu ile harufu. Maji ya mto unaopita katikati ya mji mkubwa hubeba kila kitu ambacho mji umekitupa, na kwa mwani wa ziwani hiyo ni mbolea. Ongeza inayotoka mashambani, ongeza majivu na vumbi linaloshuka na mvua, ndipo unapata ule ukijani ufukweni unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika. Gugumaji, ambalo lilizusha kelele miaka ya 1990, lilikuwa ni sura moja tu ya shibe hiyo. Ziwa limelishwa kupita kiasi.

Jumatano, Makobe

Tumeng'oa nanga saa kumi na moja na nusu alfajiri. Makobe ni kisiwa, kiko nje, Ghuba ya Mwanza inakofungukia ziwa kubwa. Maji yakaanza kubadilika njiani. Nilikuwa na sahani ya Secchi, bati la duara lenye robo nyeusi na robo nyeupe, lililofungwa kwenye kamba yenye fundo kila robo mita. Unaliteremsha mpaka lisionekane, unahesabu mafundo. Kasisi Angelo Secchi alilijaribu Bahari ya Mediterania mwaka 1865, na mpaka leo hakuna kifaa rahisi kuliko hicho wala kigumu kuharibika kuliko hicho. Nahodha alikipenda papo hapo. "Hii haina betri?" Haina. "Basi hiyo ndiyo mashine."

Makobe sahani ilipotea kwenye fundo la tisa.

Hapa hatukuhesabu kwa macho tu, tulivua kwa ndoano ndogo na nyungunyungu. Kijana wa mashine ni fundi. Kila samaki anapotoka anaingizwa haraka kwenye kitangi chembamba cha kioo chenye maji, anapigwa picha, anarudishwa. Haraka, kwa sababu furu dume akiogopa rangi inamtoka mbele ya macho yako, sekunde kadhaa tu, kama mtu aliyesikia habari mbaya.

Wa kwanza alikuwa wa buluu. Mwili kijivu cha chuma chenye mng'aro wa buluu, mistari meusi imesimama ubavuni kama pundamilia. Na ndiyo maana wataalamu wameipa jenasi yake jina hilohilo la Kiswahili, Pundamilia. Kwenye pezi la chini, nyuma, alikuwa na madoa mawili ya manjano, mviringo, yamezungushiwa ukingo mwepesi. Nikayatazama kupitia kioo: yanafanana kabisa na mayai. Jike wa hawa hutaga kisha anayachukua mayai mdomoni mara moja, na anapoyafuata yale madoa akidhani amesahau mengine, dume anamwaga mbegu. Mayai yanatungishwa humohumo mdomoni, na watoto wanalelewa humohumo. Nimehesabu samaki miaka mingi, sijaona ujanja wa namna hiyo.

Wa pili alitoka kina kirefu zaidi. Mgongo mwekundu, ubavu wa manjano, mistari ileile. Huyo ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu. Nahodha alipoambiwa alikishika kile kitangi kwa mikono miwili, akakiinua juani.

"Huyu mdogo hivi ndiye Nyerere?"

"Ndiye, baba."

"Mrudisheni taratibu."

Asubuhi nzima ikawa hivyo, buluu juu, nyekundu chini. Mtu angesema ni bahati, ila sivyo. Juu kuna mwanga wa kila rangi. Chini kwenye mita kadhaa uliobaki ni wa manjano na mwekundu. Macho ya wale wanaoishi chini yamejengwa kuona nyekundu vizuri zaidi, ya wale wa juu yanaegemea buluu. Jike huchagua dume anayemwona akiwaka. Jike wa chini anamwona mwekundu, wa juu anamwona wa buluu, na watoto wao wanaendelea kutengana. Ziwa hili lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na furu karibu wote unaowasikia, spishi mia kadhaa, wamegawanyika tangu hapo. Kwa mambo ya viumbe hiyo ni jana jioni. Wamegawanyika kwa kutazamana.

Kurudi, mashine ilizima katikati. Mafuta tuliyonunua yalikuwa na maji. Kijana akamwaga, akasafisha, akapuliza kwa mdomo, na tulikaa dakika arobaini tukisukumwa na upepo kuelekea tusikokwenda, huku nahodha akila matobolwa bila wasiwasi. Akanikatia. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa; vigumu kama ngozi, kisha vitamu. Saa nane ilishapita. Hakusema neno, na kimya chake kilinitosha.

Alhamisi, Luanso

Leo upande wa pili, ndani kabisa ya ghuba. Ukizidi kusini unafika Kigongo na Busisi, kwenye daraja. Hakuna mawimbi huku, hakuna upepo wa maana, na maji ni rangi ya uji wa ulezi.

Sahani ikapotea fundo la pili. Nusu mita. Nilirudia mara tatu kwa kutoamini, nahodha akarudia mara moja akasema, "Mbili. Acha kuisumbua."

Sikuingia majini. Kwanza nisingeona kitu, pili nahodha alikataa katakata: maji yaliyotulia yenye majani ni ya konokono wa kichocho, na mamba hapigi hodi. Tukavua kwa ndoano.

Nilikuwa nimechora fomu mpya usiku, safu mbili, buluu na nyekundu. Samaki wa kwanza akaingia kwenye kitangi. Dume, madoa ya mayai yapo, mistari ipo. Rangi? Kijivu chenye buluu ya mbali, na mgongoni wekundu wa kutu, kidogo, kama nguo iliyofuliwa pamoja na kanga mpya. Nikamgeuza upande wa jua. Nikamwita kijana.

"Huyu ni buluu au mwekundu?"

"Huyu ni furu, dada."

Wa pili vilevile. Wa tatu amezidi buluu kidogo. Wa nne siwezi kusema. Hadi saa sita safu zangu mbili zilikuwa tupu, na pembeni kulikuwa na orodha ya maneno: kutu, kijivu, kati, kati, kati.

Nilikuwa nimesoma habari hii kabla sijaja. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba kwenye visiwa vya ghuba hii, maji yanavyozidi kuwa machafu ndivyo rangi za madume zinavyofifia na ndivyo spishi zinavyopungua. Hakuna aliyevuliwa zaidi, hakuna aliyekufa kwa sumu. Mwanga umebanwa kwenye kina kifupi, buluu imemezwa, jike hatofautishi, na waliokuwa wawili wanazaana wakawa mmoja. Kusoma ni kitu kimoja. Nilikuwa na samaki mkononi ambaye hakuwa na tatizo lolote. Amenona, ana nguvu, alinikwaruza kidole kwa miiba ya pezi. Kwa fomu yangu ya Mafia eneo hili lingepata alama nzuri: mwamba mzima, mwani wa kutosha, samaki tele. Mwamba ungeonekana una afya huku spishi mbili zimepotea bila mzoga hata mmoja.

Nilikata ule mstari uliotenganisha safu mbili.

Ijumaa, Kirumba Mwaloni

Nimekwenda mwaloni kununua dagaa wa kupeleka nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa akichambua fungu lake alinionyesha furu waliokauka humo ndani, wachache. Akasema utotoni mwake walikuwa wakianikwa peke yao mafungu kwa mafungu, kisha sangara akaja. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 akashika kila mahali. Wataalamu wanakadiria spishi kama 200 za furu, hasa wa maji ya wazi, zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Wa mawe walinusurika kwa wingi zaidi kwa sababu sangara mkubwa haingii kwenye ufa. Kilichowaokoa ni jiwe. Kwenye tope la ghuba jiwe haliwasaidii kitu.

Bei ya dagaa sikupunguziwa hata shilingi. "Wewe wa pwani mna bahari yenu," mama akasema.

Jioni tulikaa na kikundi tukaandika fomu upya. Mkanda wa mita tumeuacha. Sahani ya Secchi kwanza, kila ziara, mahali palepale, saa ileile. Oksijeni na joto juu na chini, na kwenye ukurasa wa mbele nimeandika kwa herufi kubwa: CHUMVI IWE SIFURI. (Wameniuliza kwa nini. Nimesema ni utaratibu.) Kisha picha za madume wakiwa hai, na rangi ipimwe kwenye picha kwa ngazi tano badala ya majina mawili. Ndani ya Saanane hakuna ndoano, ni picha za chini ya maji tu. Tumebishana kuhusu mara ngapi kwa mwaka. Mimi nimeshikilia angalau mara mbili: sasa Februari maji ya juu na ya chini hayachanganyiki, Juni hadi Agosti upepo wa kusini hulikoroga ziwa lote, na ukipima msimu mmoja tu umepima nusu. Wao wanasema hela. Hela kweli hamna.

Jumamosi, ndani ya basi

Begi ni jepesi. Kilo nne za risasi nimezibakiza kwa kijana wa mashine, na sahani yangu ya Secchi na kamba yake yenye mafundo nimemwachia nahodha, ambaye anapita karibu na Luanso kila asubuhi akitoka kwao. Alikataa daftari. Alisema atatuma kwa simu, maana daftari hulowana.

Tumepita Shinyanga saa tatu, simu ikaita ujumbe:

"Mwangaluka mama. Leo fundo 3. Upepo mdogo. Maji yako palepale."